Kukagua na Kukaza Bolti za Sasipensheni ya Subaru Impreza WRX, kwa Sisi wa Mombasa

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Gari linagonga mbele nikipita tuta. Fundi amesema shoki zimekufa. Ninunue mpya ama za mtumba?" Jibu langu halibadiliki. Kabla hujatoa shilingi, lala chini ya gari ushike bolti moja moja.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. WRX yangu ya 2006 ilianza kugonga upande wa kushoto. Gereji moja ikanibadilishia shoki mbili za mbele, nikalipa, na nilipotoka langoni gari likagonga vilevile kwenye tuta la kwanza. Jumapili yake nililiinua mwenyewe nyumbani. Nati ya linki ya stebilaiza, kile kijiti kinachoshikilia fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, ilizunguka kwa vidole viwili, bila spana. Shoki zangu za zamani zilikuwa nzima.

Mwongozo huu ni wa Impreza WRX ya miaka ya 2000, kwa kuwa ndiyo ninayoijua na ndiyo imejaa mjini. Mwenye Forester ya turbo atakuta mambo mengi yanafanana. Mwenye gari jingine afuate utaratibu, ila namba azitoe katika kitabu cha ufundi cha gari lake.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Bolti iliyokazwa sawasawa huwa imevutika kidogo, na mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili visicheze. Spana ya toki, ile unayoiwekea namba na ikalia namba ikifika, haipimi mvuto huo. Inapima ugumu wa kuzungusha nati. Kwenye nati safi, ugumu na mvuto huenda pamoja. Kwenye nati yenye kutu, sehemu kubwa ya nguvu yako huliwa na kutu yenyewe. Unasikia imekaza, spana inalia, kumbe ndani vyuma havijabanwa.

Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko Nairobi au Nakuru. Hewa ya Mombasa ina chumvi mwaka mzima. Anayevuka Likoni kila siku anapanda na kushuka feri kwenye njia iliyolowa maji ya bahari, na gari lililopunguzwa urefu hurushiwa maji hayo moja kwa moja kwenye amu (mikono inayoshika gurudumu kutoka chini ya gari) na linki. Isitoshe, magari yetu hutoka Japani, na yaliyotumika sehemu zake za theluji yamepita miaka juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari linashuka bandarini Kilindini likiwa tayari na kutu yake, kisha linaanza kupata yetu.

Ndiyo maana katika mwongozo huu hatukazi nati yenye kutu. Tunailegeza, tunaisafisha, ndipo tunaikaza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi, na stendi mbili za jeki zilizo nzima. Matofali si stendi. Rimu kuukuu si stendi.
- Vigingi vya kuzuia magurudumu.
- Spana mbili za toki: ndogo ya kufikia karibu 10 hadi 50 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kubwa ya nusu inchi inayofika 200 Nm. Kubwa peke yake haikutoshi, kwa sababu chini kabisa ya kipimo chake haiaminiki, na huko ndiko ziliko nati za juu ya shoki.
- Soketi za 12, 14, 17 na 19, pamoja na spana za mkono za namba hizohizo za kushikilia upande wa pili.
- Fimbo ndefu ya soketi ya kulegezea. Usilegeze kwa spana ya toki hata siku moja. Inaharibu kipimo chake.
- Mtaimbo mdogo, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, vitambaa, tochi, miwani ya kukinga macho.
- Kalamu ya rangi, nyeupe au ya manjano.
- Nati mpya za kujifunga zenyewe na kotapini mpya (pini za kuzuia nati isizunguke). Nati ya kujifunga ikishafunguliwa haina tena nguvu yake ya mwanzo, na bei yake ni ndogo mno kukufanya uhatarishe gurudumu.

Bolti za sasipensheni usizinunue duka la vifaa vya ujenzi. Wengi huona bolti ya mm 14 inaingia kwenye tundu, basi wakaridhika. Chuma chake si kile. Bolti ya kawaida ya duka huweza kukatika mahali ambapo ya gari ingestahimili, na ile ya chini ya shoki ikikatika kwenye barabara ya Malindi, gurudumu halikusikii tena.

Kuhusu mahali: unahitaji sakafu ngumu iliyo sawa. Kabro iliyolazwa vizuri inafaa. Mchanga haufai, hata ukishindiliwa. Lami nayo hulainika kwa jua la mchana na miguu ya stendi huzama polepole bila wewe kuona, kwa hiyo weka kipande cha ubao mnene chini ya kila stendi. Mimi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Injini na ekzosi zimepoa, na jua halijaanza kuchoma.

Namba za kukaza

Nati za juu ya shoki: 20 Nm. Linki za stebilaiza: karibu 45 Nm. Bolti mbili za chini ya shoki za mbele: kati ya 150 na 180 Nm kutegemea mwaka. Nati za magurudumu: kati ya 90 na 120 Nm, pia kwa mwaka. Kitabu cha ufundi cha mwaka wa gari lako ndicho chenye neno la mwisho, na bolti za nyuma na za amu zitoe humo humo.

Angalia spana yako ina kipimo gani. Nyingi zimeandikwa pande mbili: Nm na futi-paundi. Futi-paundi 1 ni Nm 1.36. Mtu akikusudia 175 Nm akasoma upande usio wake, amekaza 237 Nm. Bolti ikikazwa hivyo inaweza kuvutika kupita kiasi, na iliyovutika hivyo hairudi, ni ya kutupa.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza kwanza. Fungua vioo, zima redio, pita tuta polepole. Kishindo kimoja kikavu kila gurudumu linaposhuka huelekea kuwa kitu kilicholegea. Mtatariko mwingi mdogo kwenye barabara mbovu mara nyingi ni linki ya stebilaiza. Sauti inayokuja ukikata usukani gari likiwa limesimama, anza juu ya shoki na tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu). Andika upande na hali. Kazi ikiisha utapita tuta hilohilo.

2. Fungua boneti, gari likiwa chini. Kila upande utaona nati tatu ndogo zinazoshika kichwa cha shoki. Soketi ya 12, spana ndogo, 20 Nm. Hapa ndipo wanaoanza hukata bolti: ni nyembamba, za mm 8, na mtu mwenye spana kubwa hafiki nusu ya nguvu zake kabla hazijakatika. Za nyuma, kwa sedani, huzifikia kwa kuondoa kiti cha nyuma na mgongo wake. Watu wengi huziruka kwa uvivu wa kiti. Usiziruke.

Onyo. Katikati ya nati hizo tatu kuna nati moja kubwa, juu ya mti wa shoki. Usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila springi kufungwa kwa vibano vyake, springi hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kuua.

3. Legeza nati za magurudumu robo mzunguko, gari likiwa bado chini. Zuia magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele kwenye sehemu zinazoonyeshwa na kitabu cha gari, kisha weka stendi mbili. Lisukume gari kwa mkono kutoka ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, hata kwa kuchungulia nati moja.

4. Kabla ya kutoa gurudumu, litikise. Mkono mmoja juu kabisa ya tairi, mwingine chini kabisa: likicheza, shaka iende kwenye balijointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya amu) au beringi. Kisha mkono kushoto na mkono kulia: likicheza, tazama tairodi. Mwambie mtu atikise wewe ukiangalia kwa tochi; jicho huona pale ambapo mkono haujui.

5. Toa gurudumu, lisukume chini ya kizingiti cha gari kama kinga ya ziada. Sugua kila nati na kila ncha ya bolti kwa brashi ya waya, upulize dawa ya kutu, kisha uende kunywa chai. Nusu saa. Dawa inahitaji muda kupenya, na haraka hapa ndiyo inayokata bolti.

6. Tazama kabla ya kushika spana. Bolti iliyokuwa ikicheza huacha alama: duara la chuma kinachong'aa kuzunguka kichwa chake, michirizi ya kutu nyekundu inayoteremka kutoka kwenye tundu, washa iliyohama mahali pake, rangi iliyochubuka. Ukiona tundu lenyewe limeanza kuwa na umbo la yai, kukaza hakutasaidia. Kipande hicho kinabadilishwa.

7. Bolti mbili za chini ya shoki. Hizi ndizo moyo wa kazi. Ya juu kati ya hizo mbili ni ya pekee: kichwa chake kina kisahani chenye alama, na ukikizungusha unabadilisha mlalo wa gurudumu. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya kisahani na juu ya mwili wa shoki kabla hujafanya lolote.

Halafu fanya kazi kwa bolti moja tu. Shikilia kichwa kwa spana ya 19, zungusha nati upande wa pili. Nati ndiyo izunguke, bolti itulie. Legeza nusu mzunguko, safisha nyuzi zilizojitokeza, weka nati mpya ikiwa ile ni ya kujifunga, kaza hadi namba yake kwa mwendo mmoja laini usiokatika katikati. Hakikisha mistari ya rangi inakutana bado. Ndipo uende kwa ya pili. Ukizilegeza zote mbili kwa pamoja, chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) huangukia nje na kuvuta mpira wa breki na waya wa ABS.

Kuna desturi ya kupaka grisi kwenye nyuzi ili zisishike kutu. Nia ni njema, matokeo ni mabaya: nyuzi zenye grisi huzunguka kwa wepesi, na kwa namba ileile ya spana bolti huvutika kuliko ilivyokusudiwa. Nyuzi ziwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Kinga ya kutu ipake kwa nje, baada ya kukaza.

8. Linki za stebilaiza. Soketi ya 14 kwa kawaida. Mti wa linki ukizunguka pamoja na nati, ushikilie kwa ufunguo wa pembe sita au spana nyembamba nyuma yake, kulingana na linki uliyonayo. Shika linki utikise: mpira wa kiungo ukicheza, nunua nyingine. Kagua pia vishikio vinavyofunga stebilaiza kwenye mwili wa gari, bolti mbili kila kimoja.

9. Tairodi na balijointi. Nati zake zina meno kama taji, na kotapini hupita kati ya meno hayo na kwenye tundu la bolti. Ukikaza hadi namba na tundu halijakutana na taji, songa mbele kidogo hadi likutane. Kurudi nyuma ni kuilegeza. Kotapini iliyotoka haitumiki tena.

10. Bolti za amu na za mikono ya nyuma, zenye bushi za mpira. Hapa gereji nyingi hukosea, na kosa lenyewe halionekani siku hiyo.

Bushi ya mpira imeshikamana na bomba lake la ndani. Ukikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, unalifunga bomba likiwa kwenye mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, amu inapanda, bomba limegoma, na mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana hata likiwa limeegeshwa. Baada ya miezi unapasuka, na mwenye gari huambiwa bushi za siku hizi ni feki. Pengine bushi zilikuwa halisi, zikafungwa vibaya.

Kwa hiyo bolti hizi zilegeze na uzisafishe gari likiwa juu, uzirudishe kwa mkono tu, kisha zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Gari likiwa chini hivyo halikupi nafasi ya kuingia, basi lipandishe kwenye ngazi imara za magurudumu, au nenda gereji yenye shimo uombe kulitumia kwa nusu saa. Ni pesa kidogo. Ukienda, usiendeshe na bolti zilizoshikwa kwa mkono tu. Zikaze kiasi nyumbani, nenda polepole, kisha zilegeze na uzikaze upya ukifika.

11. Weka alama. Kila bolti iliyofika namba yake, chora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Siku nyingine ukichungulia kwa tochi, mstari uliokatika utakwambia nati imezunguka, bila kushika spana.

12. Rudisha magurudumu, nati kwa mkono kwanza, kwa kurukaruka kama nyota. Shusha gari, kaza kwa spana ya toki. Bunduki ya upepo ya kwa mtu wa pancha haijui namba. Ukimaliza, rudisha spana kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi.

13. Rudia nyuma kwa mpango huohuo, kisha kagua tena baada ya kilomita 100 hivi. Safari ya kwenda Malindi, kama kilomita 120, inatosha kabisa. Nati za magurudumu zikague hata kabla ya hapo.

Walioweka koilova (shoki na springi zinazorekebishwa urefu) wana kazi moja zaidi: pete za kufungia urefu. Chumvi huzigandisha zisizunguke, au mtikisiko huzilegeza. Zisafishe kwa brashi laini, uzikaze kwa spana yake ya ndoano, na upime urefu wa pande zote mbili kabla na baada.

Mambo yakikwama

*Nati haifunguki.* Paka dawa jioni, paka tena asubuhi. Jaribu kwanza kuikaza kidogo ndipo uilegeze. Mara nyingi kutu huvunjika kwa mwendo huo wa mbele na nyuma. Moto ni wa fundi mwenye uzoefu, mbali na mpira, breki na tangi.

*Nati inazunguka bila mwisho na spana hailii.* Nyuzi zimekwisha, au bolti imeanza kuvutika. Simama hapo hapo. Toa, weka bolti na nati mpya. Gari lisiende barabarani.

*Spana inalia lakini kipande bado kinacheza.* Kutu imekudanganya, au bolti imegandana na bomba la bushi. Fungua kabisa, itoe, safisha bolti na bomba, rudisha.

*Gari linavuta upande baada ya kazi.* Tazama mistari ya rangi kwenye bolti ya juu ya shoki. Ikiwa imepishana, irudishe, kisha upeleke gari kwa alaimenti (kupimwa na kupangwa upya mkao wa magurudumu). Ukibadilisha tairodi, amu au shoki, alaimenti ni lazima hata kama mistari imekutana.

*Bado linagonga, na kila bolti iko kwenye namba yake.* Sasa ndipo uanze kushuku vipande: linki, kichwa cha juu cha shoki, balijointi, bushi, na mwisho shoki yenyewe. Weka mtaimbo kati ya amu na mwili wa gari, sukuma taratibu, tazama mpira: ukipasuka na kufunguka kama mdomo, umekipata. Shoki iliyokufa kwa kawaida huacha mafuta yaliyochuruzika kwenye mwili wake, na gari hunesa zaidi ya mara mbili ukilikandamiza pembeni na kuliachia.

*Nati ileile inalegea kila ukikagua.* Badilisha bolti, nati na washa kwa pamoja, na uangalie nyuso zinazokutana: rangi nene, mchanga au kutu iliyobaki katikati husagika gari likitembea, na mbano hupotea. Kwangu ilikuwa tabaka la rangi nyeusi aliyopaka mwenye gari wa kwanza ili chini paonekane papya. Niliikwangua hadi chuma, nikakaza, nikachora mstari wa manjano. Mstari huo haujakatika hadi leo.